Tuliosha tangi la samaki mpaka samaki wakafa



Wiki hii ni zamu yetu kuandika, sisi watatu tunaoosha matangi ya samaki kwenye nyumba za watu hapa Kampala. Kwenye kikundi mmezoea kututania eti sisi ni "wauguzi wa samaki". Sawa, jina tumelikubali. Lakini kuna jambo hatujawahi kuwaambia, hata kwenye mkutano wa Jumapili. Samaki wetu wa kwanza walikufa wote 12 ndani ya siku mbili. Na ile pesa tuliyokopa kwenye sanduku mwezi ule, tukasema ni ya mgonjwa, ilienda huko. Tuliwadanganya. Tutafika hapo.

Kwanza tuongee juu ya maji.

Tunakaa chini ya kilima cha Muyenga, upande wa Namuwongo. Hicho kilima watu wanakiita Tank Hill kwa sababu huko juu kuna matangi makubwa ya maji ya mji. Maji yanatolewa Ziwa Victoria, yanasafishwa pale Ggaba, yanatiwa dawa, yanasukumwa kwa pampu mpaka kilimani, halafu yanashuka yenyewe kwenye mabomba kwenda mjini. Yaani maji yako juu ya vichwa vyetu mchana na usiku. Lakini sisi tunayanunua kwa jerikani, ile ya lita 20, shilingi 200. Siku maji yakikatika inaweza kufika 500, na bado unapanga foleni.

Foleni tunaijua tangu zamani. Mmoja wetu alikaa Nakivale miaka minne kabla ya kuja mjini. Huko jerikani zilikuwa zinapangwa kwenye mstari kabla jua halijatoka, kila moja na alama yake ya rangi au kitambaa kwenye kishikio, na ukikuta ya kwako imesukumwa nyuma hapo ni vita. Wengine wawili tumekulia kando ya Ziwa Tanganyika, mmoja Uvira, mmoja Bujumbura. Ziwa kubwa namna ile liko mbele ya macho, na bado maji ya kunywa unabeba bidoni kichwani. Mama zetu wote watatu walikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika: maji hayatumiki mara moja. Ya kusuuzia nguo yanaosha sakafu. Ya kuoshea mboga wanakunywa kuku. Ya kunawia miguu yanaenda kwenye lengalenga. Ukiyamwaga njiani tu hivi, ulikuwa unakula kofi.

Sasa kazi. Tuliipata kupitia jirani yetu, mzee mmoja Mganda anayetunza bustani kwenye nyumba moja huko juu. Madamu wa ile nyumba alikuwa na tangi la kioo sebuleni, na kijana aliyekuwa analiosha alikuwa ameondoka. Mzee akamwambia, "Niko na vijana wangu, ni Wakongo lakini ni wazuri." Ile "lakini" tuliisikia, tukanyamaza. Hata yule wetu wa Bujumbura akakubali kuwa Mkongo siku hiyo. Tangi la samaki hatukuwahi kuosha maisha yetu yote. Tulisema tunaweza.

Usiku ule tulikaa tukapanga. Mmoja wetu akasema neno ambalo tunalikumbuka mpaka leo: "Tusioshe kikambi." Alitaka kusema tusiende na kijagi na beseni moja, tukipima maji kama watu wenye shida. Kule juu mfereji uko ndani ya nyumba, hakuna anayehesabu. Tuoshe kama watu wanaojua kazi. Wote tukakubali.

Basi tukaosha. Lile tangi lilikuwa na urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50. Ukizidisha hizo tatu halafu ukagawa kwa 1,000 unapata lita 300. Ukitoa mawe na nafasi iliyoachwa juu, maji yenyewe ni kama lita 260. Tuliwatoa samaki, wale wa dhahabu wenye mkia mrefu, tukawaweka kwenye beseni. Maji yote tukamwaga mtaroni. Kokoto tukazisuuza kwa mpira wa bustani mpaka zikatoa maji meupe. Sponji ya filta ilikuwa nyeusi, inanuka tope, tukaipiga sabuni ya unga, tukaikamua, tukaipiga tena. Vioo tukavisugua mpaka vikalia. Halafu tukajaza maji ya mfereji moja kwa moja, mapya, ya baridi, tukarudisha samaki. Ukijumlisha ya kumwaga na ya kusuuzia, lilitoka kama lita 400. Jerikani 20.

Yule mzee wa bustani alikuwa amesimama na ndoo yake ya kumwagilia maua, akiangalia maji yanavyokimbia mtaroni. Hakusema kitu. Na sisi tuliyaona. Kila mmoja alikuwa anayahesabu kimoyomoyo, tuliulizana baadaye. Lakini tulikuwa tumeshakubaliana, kwa hiyo hakuna aliyefungua mdomo.

Tangi liling'aa kama dirisha la benki. Madamu akafurahi, akatuongezea pesa ya boda.

Kesho yake jioni simu ikapigwa. Samaki wote wamepanda juu, wanahema kwa mdomo. Asubuhi iliyofuata tisa walikuwa wamelala ubavu. Mpaka usiku, wote.

Tulirudi pale tukiwa tumeinamisha vichwa. Askari wa getini alisema mbele yetu kwamba hawa wameweka sumu. Madamu hakupiga kelele, na hilo lilituumiza zaidi. Alimgeukia yule mzee akamwambia, "Ni wewe uliyewaleta." Mzee amefanya kazi pale zaidi ya miaka kumi. Ana wajukuu anaowasomesha kwa ile kazi. Tukaelewa kwamba tukiondoka tu hivi, anayebaki na kesi ni yeye. Tukasema tutalipa samaki wote. Pesa hatukuwa nayo. Ndipo tukaja kwenu na ile hadithi ya mgonjwa. Mgonjwa alikuwa samaki, na alikuwa ameshakufa.

Tulienda mjini kwa mzee mmoja anayeuza samaki wa mapambo. Tulitaka kununua 12 tukimbie. Akatuuliza, "Wale wengine walikufa na nini?" Tukasema hatujui, tuliosha vizuri sana. Akauliza, "Maji mlitoa kiasi gani, bassebo?" Yote. "Na sponji mliosha na nini?" Sabuni. Aliweka neti yake chini, akakaa kwenye ndoo, akacheka bila sauti mpaka machozi. Halafu akatufundisha. Tunaandika hapa kama tulivyoelewa, kwa sababu ni watu wengi wanafanya kosa lile lile.

Samaki anakula na anachafua humo humo anamoishi. Uchafu wake mwingi ni amonia, na inatokea kwenye mashavu yake, pale anapopumulia. Amonia ni sumu. Lakini kwenye tangi lililokaa muda kuna bakteria wazuri wanaoibadilisha, kwanza inakuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu bakteria wengine wanaigeuza kuwa nitrati, ambayo samaki anaweza kuivumilia ikiwa si nyingi. Hao bakteria hawaelei sana kwenye maji. Wanakaa wamejishika kwenye kokoto, kwenye vioo, na zaidi kwenye sponji ya filta. Ile sponji nyeusi tuliyoichukia ndiyo ilikuwa inawaweka samaki hai. Sisi tukaipiga sabuni.

Halafu maji ya mfereji yana klorini. Kwetu sisi watu ni nzuri, inaua vijidudu ili tusiharishe. Lakini kwa samaki inaunguza mashavu, na kwa bakteria ni kifo. Na maji mapya yote kwa mara moja yanabadilisha ubaridi na uchumvi wa maji ghafla, mwili wa samaki unashtuka. Kwa hiyo tuliwachoma, tukawashtua, halafu tukaua walinzi wao. Kwa jerikani 20.

Yule mzee alikataa kutuuzia samaki 12. Alisema tangi sasa halina uhai, mkiweka wote watakufa tena. Alituuzia watatu tu, wengine tukachukua kidogo kidogo wiki zilizofuata. Na alitupa zawadi: kipande cha sponji chafu kutoka kwenye tangi lake mwenyewe, kimefungwa kwenye mfuko na maji yake ili bakteria wasife njiani. Tulipanda taksi tumebeba uchafu kama dhahabu.

Madamu alikubali tuoshe mwezi mmoja bila malipo, tuonyeshe. Ndipo tukaosha kikambi. Namna yenyewe ni hii.

Siku moja kabla, tunajaza maji mapya jerikani tatu, lakini hatuyaachi humo ndani, maana mdomo wa jerikani ni mdogo. Tunayamwaga kwenye beseni na ndoo zilizo wazi yakae mchana na usiku. Klorini ya kawaida inaondoka yenyewe hewani, na maji yanakuwa na joto sawa na nyumba. Kuna miji ambayo wanatumia kloramini, hiyo haiondoki kwa kuachwa wazi, inahitaji dawa ya dukani. Ulizia kwanza pale ulipo.

Siku yenyewe tunazima umeme wa filta. Samaki hatuwatoi, wanabaki ndani. Vioo tunavipangusa kwa kitambaa kisichowahi kuona sabuni, maji yakiwa bado ndani. Halafu tunachukua mpira mwembamba. Zamani tulikuwa tunanyonya kwa mdomo ili maji yaanze kushuka, na tulikunywa tulichokunywa. Sasa tunaujaza mpira maji kwanza, tunaziba ncha zote mbili kwa kidole, moja tunaizamisha kwenye tangi, nyingine inashuka kwenye ndoo chini. Ukiachia, maji yanakimbia yenyewe. Ncha ya ndani tunaipitisha juu ya kokoto, inavuta mavi na mabaki ya chakula. Tunatoa lita 60, chini ya robo, basi.

Katika zile lita 60 chafu ndimo tunamosuuzia sponji. Tunaikamua mara mbili tatu, itoke tope kubwa, ibaki na rangi yake. Haipelekwi mfereji. Halafu tunaongeza maji yaliyolala, polepole, kwa kijagi. Ndiyo, kile kijagi tulichokionea aibu.

Na kuna kazi isiyotumia maji kabisa. Tulimwomba Madamu watoto wasilishe samaki kila wakipita sebuleni. Chakula kiwe kile kinachoisha ndani ya dakika mbili hivi, kwa sababu kinachobaki kinaoza na kukulazimisha kubadilisha maji zaidi. Tulisogeza tangi mbali na dirisha, jua lilikuwa linaotesha ukijani kwenye kioo. Tulifunika juu kwa kioo ili maji yasiishe kwa mvuke. Lakini msidanganyike kwamba kuongeza yaliyopungua kunatosha. Mvuke unaondoka peke yake, nitrati na chumvi zinabaki. Lazima utoe kidogo ndipo uongeze.

Fanyeni hesabu na sisi. Madamu alitaka tangi lioshwe kila wiki. Kwa njia ya kwanza ni lita 400 mara nne, lita 1,600 kwa mwezi. Kwa njia ya sasa ni 60 mara nne, lita 240. Tofauti ni lita 1,360, yaani jerikani 68, kwenye nyumba moja. Ninyi wa mashirika mnaotusoma mnajua vizuri kipimo cha UNHCR, hali ikishatulia kambini mtu apate walau lita 20 kwa siku. Siku ile ya kwanza tulimwaga mtaroni maji ya siku moja ya watu 20. Tulimwaga ili tusionekane tumetoka kwenye hizo lita 20.

Zile lita 60 nazo hatuzimwagi. Yule mzee wa bustani ndiye alikuja mwenyewe na ndoo yake, akainusa, akasema, "Hii ni mbolea." Ni kweli, nitrati ndiyo chakula cha mimea. Alianza na maua, halafu akaomba kona moja nyuma ya jikoni, akapanda dodo, hiyo ambayo sisi tunaita lengalenga. Sasa hafungui mfereji siku ya tangi. Tahadhari moja tu: wiki ambayo tumeweka dawa au chumvi ya kutibu samaki, maji hayo hayaendi kwenye mboga.

Leo tuna nyumba tano. Ya nne ilitufanya tunyamaze kidogo. Tulifungulia mlango, tukakuta tangi kubwa, na ndani yake samaki wa bluu mwenye mistari myeusi na nundu kwenye paji la uso. Yule wetu wa Uvira akasema, "Huyu ni wa kwetu." Mwenye nyumba akasema hapana, huyu ni wa gharama, anatoka nje. Akatuonyesha jina lake kwenye simu: Cyphotilapia frontosa, wa Ziwa Tanganyika. Ziwa letu lina aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo huo, na karibu wote hawapatikani ziwa lingine lolote duniani. Ndiyo maana watu wanawanunua mbali.

Kwa samaki huyo kubadilisha maji yote ni hatari zaidi. Maji ya Tanganyika yana madini mengi, ni ya magadi, pH yake iko karibu na 9. Maji ya Ziwa Victoria ni mepesi zaidi. Mwenye nyumba anayatengeneza kwa chumvi maalumu za dukani, anajaribu kuiga ziwa letu ndani ya kioo. Ukimwaga yote, umemwaga na pesa, na umemtupa samaki kwenye maji asiyoyajua. Tulitoa kidogo, tukaweka kidogo. Yule wetu wa Uvira alichelewa kuondoka siku hiyo. Tulimwacha, tukamsubiri getini.

Tulitaka kusema neno moja kwa wenzetu wanaoanza kazi mjini, usafi wa nyumba, kufua, jikoni, kuosha magari. Mtajisikia kuficha mlivyolelewa. Mtamwaga ndoo tatu ambapo moja ingetosha, ili bosi aone mmezoea. Sisi tulifanya hivyo, na mzee wa watu karibu apoteze kazi. Kile tulichokificha ndicho kilikuwa kinatakiwa. Aliyetufundisha mambo ya bakteria ni muuza samaki, lakini kutumia maji ya ndoo moja mara tatu hakuna aliyetufundisha Kampala.

Na kwa ninyi wa mashirika, tunawaheshimu, lakini mkija na semina ya kutumia maji vizuri, anzeni kwa kutuuliza sisi tunafanyaje. Wamama wa kwenye foleni wanaweza kujaza ubao wenu wote kabla ya chai.

Mwisho, lile deni. Tulimaliza kulilipa mwezi wa tano baada ya kukopa, mweka hazina ana sahihi zetu. Lakini kwenye daftari bado imeandikwa "matibabu". Tunaomba ikatwe kalamu, iandikwe "samaki 12". Na kama mkutano utaamua kuna faini ya kusema uongo, tutaitoa. Jumapili tutakuja na lengalenga ya yule mzee, ametupa mafungu manne. Mtu mmoja alete mafuta.